Mtoto Haulizwi

Mume wangu Shamte alikuwa fundi wa vyombo hapa Jibondo, na katika miti hakuwa mtu wa kusitasita. Akiingia mikokoni hugonga mti kwa kisigino cha tezo, shoka lake la kuchongea, husikiliza, hupita. Hugonga wa pili, hupita. Wa tatu husema, "Huu," na kufikia adhuhuri mti umelala chini. Katika mambo ya watu, Mwenyezi Mungu alimnyima kasi hiyo. Kuniposa mimi kulimchukua misimu miwili, na milango ya nyumba yetu na ya kwao ilikuwa ikitazamana.

Kwa hiyo mwaka ule boma la Wadachi lilipompa siku kumi na mbili aseme kama mtoto wetu Mbaraka atakwenda skuli kubwa ya mrima, ng'ambo ya bahari, au hatakwenda, nilijua tumepatikana.

Mbaraka alikuwa na miaka kumi na miwili, labda kumi na mitatu. Miaka mitatu nyuma boma lilikuwa limeagiza kila kijiji kitoe watoto wa skuli ndogo iliyofunguliwa Chole, na jumbe wetu, ambaye watoto wake wote waliugua tumbo ghafula siku ile, akamwandikisha wa kwangu. Mtoto akawa anakaa Chole kwa dada yangu Kidawa, na kila skuli ilipofungwa siku mbili tatu, alivuka kuja kwetu kufanya kazi na baba yake ufukweni. Nilikwisha kuzoea. Kisha akaja mwalimu mkubwa kutoka mrima kuwapima watoto wa Mafia nzima. Akawasomesha, akawaandikisha, akawahesabisha, na katika watoto arobaini akachagua watatu. Mbaraka alikuwa wa kwanza wao. Ni miaka minne, wanalala huko huko, na anayemaliza hutoka karani au mwalimu. Ila safari hii hawakutaka kukamata mtoto wa mtu, maana waliokamatwa zamani walitoroka. Baba afike bomani mwenyewe, atamke kwa kinywa chake, na mtoto aliyekubaliwa ataondoka na mwalimu siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza nyumba yetu ilijaa watu. Mfaume, kaka yake Shamte, alisema mtoto akienda huko atalishwa nguruwe. Nikamwuliza nani amemwambia. Akasema mambo kama hayo hayangoji mtu kuambiwa. Jirani yetu Mize akasema skuli ile ni ya serikali, haina padri, na kwamba mpwa wa mkwewe amesoma huko, sasa anavaa viatu na baba yake haitwi tena kwenye kazi za barabara. Mfaume akasema viatu haviliwi. Mize akasema bora viatu, maana maneno ya Mfaume hayaliwi wala hayavaliwi. Mwalimu wa chuo akatuambia mtoto amekwisha kuhitimu Kurani, yeye kazi yake imekwisha, lililobaki ni tuswali istihara, Mungu atuonyeshe njia kwa ndoto. Tukaswali. Shamte akaota anakula embe, na hakuna aliyejua kama embe ni kwenda au ni kubaki.

Walipotawanyika nilimwuliza swali moja tu.

"Wewe mwenyewe wataka nini?"

"Naangalia."

"Waangalia nini?"

"Naangalia, Mama Mbaraka."

Siku ya pili alikuwa bado anaangalia. Mimi, kama ningeulizwa, na hakuna aliyeniuliza, ningesema kwamba asubuhi nilitaka aende na jioni nilitaka abaki. Lakini angalau nilikuwa na jambo la kusema kila siku.

Siku ya tatu Mbaraka alikuwa nyumbani. Ufukweni palikuwa na jahazi la Nahodha Zahor, mbao za chini zimekwisha kushikana, sasa ni kutia mataruma. Taruma ni ubavu wa chombo, mti uliopinda wenyewe tangu porini, unaochongwa mpaka ulale juu ya mbao bila kuacha nafasi. Hapa kwetu halipimwi kwa kamba. Hupimwa kwa jicho, likapachikwa, na mwanga ukipita kati yake na ubao, hutolewa likachongwa tena. Fundi hodari hutoa mara mbili, mara tatu, haoni haya. Mimi niliwapelekea uji asubuhi ile, nikasimama pale, nikamwona mwanangu anachonga taruma moja tangu mwanzo, akalipachika mara moja, likalala. Niliinama nikatazama mwenyewe. Hapakupita mwanga hata kidogo.

Shamte akaligonga kwa ngumi. Nahodha alikuwa amesimama hapo hapo.

"Mkono huu hauna kitu," akasema kwa sauti. "Toa, rudia."

Mtoto akatoa. Nahodha Zahor akacheka kidogo, akasema fundi ni mkali kwa damu yake.

Mgeni angemwona Shamte ni katili. Kwetu hakuna baba anayemsifu mwanawe mbele za watu, na zaidi mbele ya mgeni, kwa kuwa sifa huita jicho baya. Na sisi tulikuwa na sababu yetu. Kabla ya Mbaraka nilimzaa Shaibu. Alipokuwa na miaka mitano nahodha mmoja wa Kilwa alimwona akiogelea, akasema katika pwani yote hajapata kuona mtoto mzuri kama huyu, wala hakusema mashaallah. Siku ya tisa tulimzika. Unaweza kuniambia ilikuwa homa. Ilikuwa homa, nilimshika mimi, lakini siku zote kabla ya nahodha yule kufungua kinywa chake homa hiyo ilikuwa wapi?

Basi Mbaraka tulimlea kwa kumkashifu. Jirani akisema mtoto wenu amekua, nasema amekua urefu tu. Akisema anasoma vizuri, nasema anasahau kabla hajafika nyumbani. Na kazi yake yote ya tezo ilikuwa haifai, inatolewa, inarudiwa, hata pale Shamte alipokuwa akihangaika kutafuta kasoro ya kuitaja.

Mchana ule, tukiwa wawili ndani na mlango umefungwa, Shamte alinisogelea.

"Mtoto yule ana jicho nisilokuwa nalo mimi," alisema taratibu. "Hata baba yangu hakuwa nalo." Akasema mashaallah mara tatu na kutema mate kando.

"Yeye mwenyewe anajua?"

Akanishangaa. "Atakosaje kujua? Si yeye aliyechonga?"

Hapo ndipo ningeshika neno. Ningesema, baba Mbaraka, mtoto wa miaka kumi na miwili hajui ila aliloambiwa. Sikusema. Niliona amesema jambo la maana, nikaenda kuteleka.

Siku ya sita aliamka na rai. "Mimi sinunui mti sijaugonga," akasema. "Watu wote hawa wanasema skuli, skuli, na hakuna aliyeiona. Pale bomani yupo karani aliyetoka skuli hiyo hiyo. Nakwenda kumtazama."

Nilichukua mitungi yangu. Jibondo hakuna maji matamu, hutolewa ng'ambo, kwa hiyo mwanamke wa hapa hakosi udhuru wa kuvuka. Tukafika Chole mapema, tukakuta watu wa kodi wamejaa barazani mpaka wamezunguka ukuta. Askari akamwuliza Shamte kama amekuja na kodi. Amekwisha kulipa. Ana kesi? Hana. Basi akae mwisho. Akakaa mwisho. Jua likapanda, watu wakasogea, wengine wakaja nyuma wakapitishwa mbele kwa kuwa wao walikuwa na shida inayoeleweka. Adhuhuri karani akaenda kula. Akarudi. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya dirisha na mitungi mitupu, kichwa kinaniuma, nikijiuliza ni mwanamke gani mwingine pwani hii ambaye mume wake amefunga safari kwenda kumkodolea mtu macho.

Zamu ya Shamte ilipofika, karani alikuwa ameinamia kitabu chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Una shida gani?"

"Sina shida. Nimekuja kukutazama."

Karani akainua kichwa. Jina lake Muhidini, kijana mwembamba, kanzu yake safi. "Kunitazama kwa nini?"

"Wanamtaka mwanangu kwenye skuli uliyotoka wewe. Simama kidogo, nikuone."

Na yule kijana, Mungu amjaze heri, akasimama. Nilichungulia dirishani. Shamte alimtazama tangu kofia mpaka miguu, akamwomba mikono, akaipindua. Viganja vilikuwa laini. Kwenye kidole cha kati palikuwa na kisugu kidogo chenye wino, Shamte akakibonyeza.

"Hiki ni cha kalamu?"

"Cha kalamu, mzee."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine."

"Baba yako kazi yake nini?"

"Mvuvi. Kwetu Pangani."

"Na wewe wajua kuvua?"

"Nilikuwa najua. Sasa nikishika mshipi watoto wananicheka."

"Huoni uchungu?"

Muhidini akafikiri kweli kweli, hakujibu kwa adabu tu. "Siku nyingine naona. Lakini baba yangu hajaitwa kazi za barabara tangu nilipoanza kuandika hapa, na yeye mgongo wake mbovu." Kisha akauliza, "Mtoto mwenyewe anasemaje?"

"Mtoto haulizwi," Shamte akasema.

"Ndivyo. Hata mimi sikuulizwa. Huu mwaka wa saba najiuliza ningejibu nini."

Askari akasema watu wa kodi wanangoja, Shamte akatoka. Nilidhani sasa limemwingia. Tukapita kwa Kidawa kuchota maji, Mbaraka akatoka mbio kutubebea mitungi. Nikamkonyeza Shamte: mwulize. Akanielewa, nilimwona amenielewa. Akakohoa. Akamwita mtoto, mtoto akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Tezo yako umeinoa?"

"Nimeinoa, baba."

"Haya."

Hayo ndiyo maneno yao yote siku ile. Nilipanda chomboni nikakaa nimempa mgongo mpaka Jibondo, na maji nusu mtungi yalimwagika kwa jinsi nilivyoutua.

Siku ya kumi, anakula, aliweka tonge chini. "Atabaki," akasema.

Nilingoja miaka mingi kumsikia akikata neno mwenyewe juu ya mtu, na lilipokuja nilikaribia kulia. Nilimwuliza kwa nini.

"Miaka minne ni mingi. Mkono ukikosa tezo katika umri ule haurudi tena, yule karani nimemwona. Na mwenye jicho kama lile hazaliwi kila siku. Nitampa chombo kijacho akianze yeye, tangu kulaza mti wa mkuku."

"Basi vuka kesho ukamwambie."

"Atasikia bomani."

"Mwambie na sababu, baba Mbaraka. Hayo uliyoniambia mimi."

"Sababu ya nini? Abaki ni abaki. Mimi ni baba yake."

Nikasema mtoto akifichwa kila kitu hata kheri yake haijui. Akasema nimeanza tena. Nikaliacha, maana angalau neno lilikuwa limekatwa, na lilikuwa neno nililolitaka jioni ile.

Siku ya kumi na mbili tukaenda. Sikufunga nguo yoyote ya mtoto, kwa nini nifunge? Barazani palikuwa na watu kama thelathini, wa Bweni, wa Utende, wafanyabiashara, mabaharia wa chombo cha mwalimu, watu tusiowajua. Mwalimu mkubwa alikuwa mtu wa mrima, mwenye ndevu fupi na sauti ya upole. Akasema, "Huko mrima niliwasikiliza kina baba peke yao, na watoto wawili wakanitoroka njiani. Leo nitaanza na watoto." Nikamtazama Shamte. Alikuwa anatazama kizingiti.

Mwanangu alikuwa wa kwanza kuitwa.

"Mbaraka bin Shamte, unataka kwenda?"

"Nataka, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kazi ya baba yangu siiwezi," Mbaraka akasema. Hakuwa na kinyongo. Alisema kama mtu anayesema maji yamekupwa. "Ananifunza tangu nina miaka minane. Sijachonga taruma hata moja likakubaliwa. Nikibaki nitamharibia vyombo vyake na jina lake. Kwenye kalamu huambiwa nimefanya vizuri."

Watu wengine wakacheka kwa huruma. Mzee mmoja wa Bweni akasema huyu ndiye mtoto mwenye adabu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma pamoja na Kidawa. Miaka minne alikuwa akitoa na kurudia, akitoa na kurudia, na sisi tukidhani anajua.

"Fundi Shamte," mwalimu akasema, "umemsikia. Ni kweli?"

Jibu lilikuwa maneno mawili. Si kweli. Hata asingemsifu, angesema tu si kweli na kumshika mtoto mkono. Shamte aliinua uso, akawatazama wale watu, mmoja mmoja, na wote walikuwa wanamtazama Mbaraka. Macho ya watu thelathini, na mtoto amesimama katikati. Nilimwona akifungua kinywa. Nilimwombea Mungu.

"Ni kweli," akasema. "Mkono wake hauna kitu. Mchukueni."

Nilipiga hatua mbele. Kidawa akanishika kanga, na askari akasema wanawake watulie. Karani Muhidini alikuwa ameshika kalamu, akamtazama Shamte muda mrefu kuliko ilivyopasa, kisha akaandika.

Hata leo sijui kama aliogopa jicho, au ilikuwa ni aibu ya kusikia mbele za watu kwamba mwanawe anataka kuondoka. Nimemwuliza. Husema, "Watu wale wote, Mwanahalima. Nusu yao siwajui." Kisha hutoka kwenda ufukweni. Nimekasirika naye kwa jibu hilo mpaka hasira imechakaa, nikajikasirikia mimi, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa siku ile tukiwa wawili, na nikaenda kuteleka.

Kidawa alimfungia mtoto kanzu mbili na msahafu katika kitambaa. Chombo kilikuwa kinaondoka alasiri, maji yamejaa. Nilimvuta Mbaraka pembeni, nikamwambia yote kwa mkupuo: baba yako amesema una jicho ambalo yeye hana, amesema baba yake hakuwa nalo, alikuwa amekata shauri ubaki, angekupa chombo ukianze tangu mkuku. Alinisikiliza kwa heshima. Hakuamini hata neno.

"Mama," akasema, "wewe ni mama. Wewe taruma hulijui."

"Mimi nimeliona lile la jahazi la Zahor."

"Basi aseme yeye."

Shamte alikuwa amesimama hatua chache, amesikia. Mbaraka akamgeukia, akangoja. Alingoja vizuri, hakumharakisha, kwa kuwa alimjua baba yake. Pembeni yetu mabaharia walikuwa wanapakia, mmoja ametua mzigo, anatutazama, na nilimwona Shamte amemwona.

"Ukishindwa huko," akasema, "rudi nyumbani."

"Ndiyo, baba," Mbaraka akasema, akainama akashika miguu yake, akapanda.

Huyo mume wangu niliyemweleza, ambaye hutumia siku kumi kukata neno, tangu siku ile hakusitasita tena katika jambo moja. Kila chombo kilichotoka mrima alikuwa wa kwanza majini, maji kiunoni, kabla hawajatia nanga, anauliza kwa sauti kama mtoto wake ameshindwa. Wakamwambia hapana, fundi, anaongoza. Mwaka wa pili akauliza, wakamwambia anaongoza. Watu wa Jibondo walianza kusema hawajapata kumwona baba anayemtakia mwanawe mabaya namna hii. Mwaka wa nne Mbaraka alimaliza wa kwanza, akapewa ukarani mji wa bara, mwendo wa siku nyingi kutoka pwani.